Munane ya Wapi?

Nyumbani kwetu Likasi, mtu akikutajia saa, ulimwuliza kwanza: "Ya wapi?" Mgeni alidhani tunauliza mahali. Wala. Mama yangu alizaliwa Kalemie, kule ziwani, na watu wa kule wanahesabu saa kama Waswahili wote wa mashariki: jua likichomoza, muda ukapita kidogo, ndiyo saa moja ya asubuhi. Baba yangu alizaliwa hapa hapa, kwenye kambi ya wafanyakazi, na sisi wa Katanga tulijifunza saa kwa Wazungu wa kazi. Tunasoma namba ambayo mshale umeigusa, basi, yamekwisha. Saa munane ya baba, yaani nane, ni asubuhi, watoto wamekwisha kuingia darasani. Saa munane ya mama ni mchana, jua limeanza kuinama. Kati ya wazazi wangu kulikuwa na saa sita za kutoelewana, na waliishi nazo karibu miaka thelathini.

Waligombana juu yake kwa raha, kama watu wanavyogombania chumvi ya mboga.

"Siku inaanza jua likitoka," mama alikuwa akisema. "Hiyo yenu inaanza katikati ya giza, kila mtu amelala. Nani alikuwa macho aihesabu?"

"Minye nilikuwa macho," baba alijibu.

Na kweli alikuwa macho. Baba alikuwa mtu wa poste. Kiwanda cha shaba hakikuwa kinalala, kwa hiyo wanaume walikigawana kwa zamu tatu, saa munane kila zamu, na kila zamu tuliiita poste. Juma moja baba alitoka asubuhi, juma jingine mchana, juma la tatu usiku, na kazi yake ilikuwa kulinda mapompi makubwa ya kuvuta maji yasisimame. Juma la usiku ndilo lilikuwa letu la mateso. Alirudi asubuhi, akala, akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Tangu hapo hakuna kuruka kamba, hakuna kuimba, hakuna kutwanga. "Munyamaze, papa analala." Nimeyasikia maneno hayo kuliko jina langu. Mimi nililelewa na mlango. Ule mlango wa chumba cha baba niliujua hadi misumari yake, na baba mwenyewe nilimjua kidogo tu.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, na wenye kuiishi wanajua. Kiwanda kilianza kufa polepole, sehemu moja leo, sehemu nyingine mwezi ujao. Mshahara ulichelewa, kisha ukasahau njia. Mposho wa unga ukakatika. Hata honi iliyokuwa inaita watu kwenye poste ikanyamaza, maana hakukuwa na wa kumwita. Baba akabaki nyumbani, mzima wa mikono, hana pa kuipeleka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nyumba yote ilikuwa inakula kutoka kwenye karai langu. Nilikaanga bitumbula, ile mikate midogo ya mviringo ya kukaanga kwenye mafuta, nikaiuza sokoni. Niliamka saa ine, nne kwa hesabu yetu, nyota ziko juu bado. Saa ilikuwa chakula. Nikichelewa nusu saa, waliotoka mapema wamekula kwa mwingine, na sisi tunalala na mboga bila bukari, ugali wetu. Kwa hiyo usinilaumu kama nilikuwa mkali. Nilikuwa mkali kabla ya hapo pia, lakini njaa ilinipa haki.

Sasa fikiria mtu kama huyo, halafu nyuma yake yuko mzee kwenye kiti anayesimamia kazi. Kila asubuhi baba aliamka pamoja nami, maana mwili wake haukujua kulala saa za watu. Akaketi. Akatazama. "Ungetanguliza mafuta, wakati inapika weye unakanda. Ule moto unaungua bure. Wakati hairudie, mama." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi.

Siku hiyo mafuta yalikuwa yameniruka mkononi. Nililamba pale palipoungua, na baba akasema tena kwamba wakati haurudi. Nikageuka na kijiko mkononi.

"Wakati? Papa, wakati yako ulipatia kampani. Siye ulitupatia usingizi tu!"

Ulimi hauna mfupa, jamani. Nilisema, nikajitwika beseni yangu, nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye kona ndipo nikasikia nilichosema. Ningeweza kurudi. Sikurudi, bitumbula vingepoa.

Baba hakunijibu siku hiyo wala siku zilizofuata. Kwa majuma matatu aliongea nami kupitia mama. Niko mbele yake, hatua mbili tu, yeye anamwambia mama: "Ambia mutoto wako afunge kuku." Na mimi, kichwa kigumu kama yeye, najibu: "Mama, umwambie bwana yako kuku wamefungwa." Mama akajishika kiuno. "Mimi ni posta? Nibandikeni stempu basi!" Hatukucheka, si baba si mimi, ingawa nilimwona akiuma mdomo.

Katika majuma hayo matatu kifua chake kiliharibika. Alikuwa na kikohozi cha zamani, cha moshi wa kiwanda, sasa kikawa cha kumkunja. Dada yake mdogo alikuwa muuguzi Lubumbashi, akatuma neno: mleteni, nimempatia daktari wa kifua. Treni siku hizo ilikuja siku iliyopenda. Mama akauliza huku na huku, akampata shofere wa kamyo, dereva wa lori, mtu wa kwao Kalemie, aliyekuwa akipakia chokaa Kakontwe na kuipeleka Lubumbashi. Akakubali kumchukua mzee pale mbele, kwenye kiti.

Shofere alipita nyumbani jioni ya kabla ya safari. Mama alikuwa bado shambani, mimi nilikuwa nyuma napasua kuni, nilisikia sauti tu. Baba alimpokea, akampa maji, akamsindikiza hadi barabarani, polepole kwa ajili ya kifua. Mama aliporudi akauliza safari ni lini.

"Kesho," baba akasema. "Kakontwe, pale wanapakiaka. Saa munane."

"Munane ya wapi?"

"Ya hapa."

"Kweli? Yule ni mtu wa kwetu."

"Nimekuambia ya hapa."

Mama akanigeukia. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na homa kali, mama hakuweza kumwacha. "Wewe utamfikisha baba yako." Na neno langu la kwanza, silifichi, lilikuwa: "Na bitumbula?"

Nawaambia mapema ili msisome mkiwa na matumaini: baba hakurudi Likasi. Aliishi kwa dada yake hadi mvua zilipoanza, na alizikwa huko. Niliwahi mazishi, sikuwahi zaidi ya hapo. Kwa hiyo asubuhi ya Kakontwe ndiyo niliyo nayo.

Tulitoka gizani. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ya Katanga ambayo watu wa pwani hawaamini tukiwaambia. Baba alivaa sweta mbili na koti. Nilimketisha nyuma kwenye kinga, baiskeli yetu, pale kwenye chuma cha mizigo, nikamfungia mto asiumie, nikaisukuma. Kakontwe si mbali kwa mtu mzima, ni mbali kwa mtu anayesukuma baba yake. Njia yote hatukusema neno. Kwenye kilima alijaribu kushuka anipunguzie, nikasema, "Mama, umwambie akae," kisha nikakumbuka kwamba mama hayupo. Niliona aibu. Sijui kama alisikia, kwa sababu alikuwa anakohoa.

Tulifika kabla ya saa munane. Pale Kakontwe wanachimba mawe ya chokaa, na vumbi lake jeupe linakaa juu ya kila kitu, majani, paa, nyusi za watu. Kamyo haikuwapo. Sawa, tukangoja. Nilimtafutia baba jiwe la kukalia upande ambao upepo hauleti vumbi, mimi nikasimama barabarani, mikono kifuani, natazama.

Saa munane ikapita. Saa tisa ikaja. Nilikuwa nahesabu hasara yangu: sasa wanafunzi wamekwisha kununua kwa mwingine, sasa wafanyakazi wa karakana wamepita. Kila gari iliyosikika nilinyoosha shingo.

"Ikala," baba akasema nyuma yangu, yaani niketi. Lilikuwa neno la kwanza kuniambia moja kwa moja baada ya majuma matatu.

"Niko muzuri vile."

Karibu na sisi palikuwa na mama mmoja aliyepasua mawe kwa nyundo kufanya kokoto. Alikuwa na kijibanda cha majani na moto mdogo. Alitutazama kwa muda mrefu, anapiga, anatazama, anapiga, anatazama. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Ule ni papa yako?"

"Njo papa yangu."

"Na weye unasimama kule, yeye anaikala huku, mutu atasema munangojea makamyo mbili!" Akaangua kicheko. "Kuyeni apa kwa moto. Baridi haina haya."

Tukaenda. Ungefanya nini? Alitupisha kwenye gunia lake, akarudi kwenye mawe yake, na baada ya hapo hakutusumbua. Nilikuwa nimebeba viazi vitamu ambavyo mama alivifunga kwa ajili ya njia. Nikaviweka majivuni vipate moto. Tulikaa bega kwa bega kwa sababu gunia lilikuwa dogo.

Baba alivitazama vile viazi. Kisha akasema, "Niambie siku yako."

"Siku gani?"

"Siku yako. Tangia unaamuka mupaka unalala. Yote."

"Si unaionaka, papa? Unaikalaka pale kila asubui."

"Ninaonaka mikono. Niambie."

Nilidhani ananitania. Lakini uso wake ulikuwa ule wa kazi, ule niliouona mara chache rafiki zake wa poste walipokuja nyumbani. Basi nikaanza, kwa hasira kidogo, maneno mafupi. Ninaamka saa ine. Ninakoleza moto. Ninakanda. Ninangoja unga uvimbe. Akanikatiza.

"Unangojea namna gani? Kwa saa ao kwa macho?"

"Kwa kidole. Ninabonyeza. Kama shimo linarudi, bado. Kama shimo linabaki, njo iko tayari."

"Ah." Alifurahi kama mtu aliyepewa kitu. "Na siku ya baridi kama hii?"

"Siku ya baridi ninaweka beseni karibu na kitanda cha mudogo. Joto yake inasaidia."

Aliendelea kuuliza. Mafuta nayajuaje kama yamefika. Nani hununua kwanza. Nafanya nini mvua ikinyesha kabla beseni haijaisha. Jirani yangu sokoni ni nani, tunapendana ao tunaogopana. Hakutoa shauri hata moja, na mimi nilikuwa nimekwisha kunoa jibu kwa ajili ya shauri la kwanza. Polepole maneno yangu yakarefuka. Nikamwambia kuhusu mzee mmoja ambaye kila siku hununua kimoja, akakigawa na mke wake kipofu palepale mbele yangu, na namna ninavyokifanya kiwe kikubwa kuliko vingine. Hilo hata mama sikuwa nimemwambia. Baba alitikisa kichwa mara nyingi, na viazi vilikuwa vimeanza kuungua, na hakuna aliyekumbuka.

Nilipomaliza akanieleza desturi moja ya kazi yao ambayo sikuwa nimepata kuisikia. Mtu wa poste haachi mashini na kwenda zake. Hata kama amechoka kufa, hata kama mke wake anazaa, anangoja yule anayempokea, na anamsimulia. Pompi ya pili imelia saa fulani. Ile ya tatu ina joto, uiangalie. Maji yalipungua, yakarudi. Saa munane zote, bila kuficha. Yule mwingine anasikiliza, anauliza, kisha ndipo anasema "nimeshika," na wewe unaweza kwenda nyumbani.

"Miaka yote ile," baba akasema, "nimeulizaka habari ya pompi. Saa ngapi imelia, sababu kani imelia. Nikifika nyumba, siulize mutu. Ninakula, ninalala. Ulisema kweli, mama."

Hapo ndipo moyo wangu ulivunjika, na mimi nilikuwa nimepanga uvunjike kwa namna nyingine, kwa heshima zaidi, labda Lubumbashi, labda kwa barua. Nikalia pale kwenye gunia la mwanamke nisiyemjua.

"Papa, lile neno. Lile la usingizi. Unisamehe. Ilikuwa mafuta ilinichoma."

"Mafuta ilichoma mukono. Mudomo ulikuwa muzima." Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo hadi kikatulia. Mgongo wake ulikuwa umekonda. Sikujua hilo, maana sikuwa nimeugusa tangu utoto.

"Lakini nikuambie kitu juu ya usingizi," akasema alipopata pumzi. "Nikitoka poste ya usiku, mbele ya kuingia kwangu, ninaingiaka kwenu. Munalala bado. Ninasimama. Ninawaangalia, moja moja. Mukubwa wako analala mukono juu kama anaomba ruhusa kwa mwalimu. Weye ulikuwa unasaga meno. Krr, krr. Nikasema, huyu, atakayemuoa ajipange!"

"Papa!"

"Njo vile. Minye niliwajua mukiwa mumelala. Mukiamuka, nilikuwa nimelala minye. Siye bote tulijuana kwa usingizi."

Nilicheka na kulia pamoja, makamasi yote. Yule mama wa kokoto alitutazama, akatikisa kichwa, akapiga jiwe lake.

Saa kumi na moja ya kwetu ilipita hivyo, jua likapanda, tukavua sweta moja. Tulikula viazi, sehemu iliyoungua nilikula mimi, iliyobaki nikampa yeye, akairudisha nusu. Nilisahau barabara. Nakumbuka kamyo moja ilipita na sikugeuza hata shingo, baba ndiye aliyesema, "Si ile."

Kisha akaanza yeye. Aliniambia bati la juu ya jiko lina msumari uliolegea, kabla ya mvua uupigilie, usingoje livuje. Alinieleza karatasi za kazi yake ziko wapi. Aliniambia kwamba mama yangu jioni haoni vizuri na anaficha. "Akikosea kikombe, usicheke. Umusogezee." Kwamba mdogo wangu wa mwisho anaogopa kuulizwa mbele ya watu, aulizwe pembeni, atasema. Kwamba kinga inahitaji mafuta kwenye mnyororo, amesikia njiani ikilalamika. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo papa, ndiyo papa, hadi nikagundua anafanya nini.

Nikaruka kwenye lile gunia. "Hapana! Unanipatia poste? Sababu kani unanipatia poste? Unaenda kwa dokta, unapona, unarudia!"

"Ikala."

"Siikale!"

"Mama. Minye nilikuwa ninarudia kazini kila siku. Kila siku, na kila siku nilitoa habari. Hata mwenye kurudia anasema kwanza."

Nikakaa. Alingoja, ananitazama, na nilijua anangoja neno gani. Nililizuia kwa muda mrefu, kwa sababu niliona nikilisema nitakuwa nimemruhusu aende. Kile kikohozi kilimjia tena. Kilipopita, nikasema.

"Nimeshika, papa."

"Aksanti," akasema, kama wanavyosemezana wanaume kwenye lango la kiwanda, na akafumba macho. Alilala. Kichwa kiliniangukia begani. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa macho na baba amelala, na hapakuwa na mlango. Nilimtazama sana. Ana kovu dogo chini ya sikio. Mdomo wake unafunguka kidogo upande mmoja, kama wa mdogo wangu. Nzi alikuja, nikamfukuza. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikauacha ufe.

Kamyo ilikuja na kelele zake zote, ikageuza, ikasimama ili ipakiwe. Vijana wa chokaa wakaanza kurusha mifuko. Baba akaamka. Na mimi, ambaye nusu saa iliyopita nilikuwa mwana-kondoo, nikakumbuka tabia yangu. Nikamwendea shofere akiwa bado anashuka.

"Weye bwana, hauna haya? Mutu mugonjwa! Umetuweka apa tangia asubui! Saa sita! Saa sita nzima, na baridi, na vumbi!"

Shofere alikuwa mtu mnene, mpole, Kiswahili chake laini cha ziwani kama cha mama. Alinitazama kwa mshangao, akaangalia saa yake ya mkononi, akanionyesha.

"Dada, unanigombeza nini? Nilisema saa munane. Sasa ni saa munane."

"Munane ya wapi?"

"Ya mchana. Ya kwetu." Akamwelekezea kidole baba, aliyekuwa ameketi bado karibu na moto. "Na mzee mwenyewe aliniuliza. Tulipokuwa barabarani jana, alisimama kabisa, akaniuliza: munane ya kwenu ao ya hapa? Nikamwambia ya kwetu, mchana, maana asubuhi chokaa haijapoa. Akacheka. Akasema vizuri sana."

Nikageuka. Baba alikuwa anakunja gunia la yule mama, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mwingi, mtu ambaye nyumbani hakuwahi kukunja hata shuka lake. Hakunitazama.

Nilimrudia pale. Sikujua kama nina hasira au nini.

"Papa. Ulijua."

Akaendelea kukunja.

"Ulijua ni muchana. Ulidanganya mama. Ulinitoa nyumba na giza, unanisukumisha kinga kilima chote, na ulijua! Sababu kani haukuniambia tu? Ungeniambia, papa, ninataka kuongea na weye."

Aliweka gunia chini. Wale vijana walikuwa wamemaliza mfuko wa mwisho, shofere alikuwa amekwisha kupanda na kuwasha gari, na vumbi jeupe lilikuwa linashuka juu yetu sote. Baba alinitazama kwa macho yake yenye maji, ya kikohozi au ya kitu kingine.

"Ningekuambia kamyo iko ya muchana," akasema, "ungekuya na minye asubui?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka.

"Hapana, papa," nikamwambia. "Ningeenda kwanza soko."

"Njo vile," akasema bila uchungu, na akaninyooshea mkono nimpandishe.